Samani za mbao na masanduku ya mimea kwa kibaraza cha nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nataka benchi la kukaa nje. Nitumie mbao gani?

Nitakuuliza kwanza: kibaraza chako kina paa? Kama kina paa na mvua inafika kwa manyunyu tu, paini ya Sao Hill, shamba kubwa la miti huko Mufindi, iliyopigwa randa na kupakwa rangi vizuri itakutumikia miaka mingi. Ikiwa benchi litakaa juani na mvuani bila kinga, chukua mbao ambayo kiini chake, yaani sehemu ya katikati ya gogo, kinajitetea chenyewe. Hapa kwetu hizo ni mtiki, mvule, mninga na mkongo, ambao watu wa pwani wengi wanaujua kwa jina la mbambakofi. Ukitaka ushahidi, tembea Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu uitazame milango ya kuchonga. Mtiki na mbambakofi ni miongoni mwa mbao zilizoijenga, na ipo mingi iliyopigwa na hewa ya chumvi zaidi ya miaka mia na bado inafungwa kwa komeo.

Mimi nachagua mtiki kila ninapoweza. Una mafuta yake ya asili, haupindi sana, na unapandwa: yapo mashamba Longuza kule Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na Bonde la Kilombero. Ukinunua mtiki wa shamba hujamaliza mti wa msituni uliochukua miaka mingi kukua. Mvule nao ni mzuri sana nje, ila jiandae. Ndani yake mara nyingine kuna jiwe, chokaa iliyoganda katikati ya mbao, na msumeno ukilipiga meno yanakwisha papo hapo. Vumbi la mvule pia linawasha na kubana kifua. Vaa barakoa. Kwa kweli vaa barakoa kwa mbao yoyote ile, kwa kuwa vumbi la mbao limewekwa na wataalamu wa saratani duniani katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani.

Mninga ni mbao nzuri mno, haupindi na mchwa hawaupendi, lakini mimi naona ni hasara kuuacha unyeshewe. Uzuri wa rangi yake unapotea juani, na mti wenyewe unakua polepole. Jambo jingine la kujua: mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022 uliingiza mninga, mkongo na mkangazi katika orodha ya pili ya mkataba huo. Mbao za miti hiyo hazitakiwi kuvuka mpaka wa nchi bila kibali. Kama uko Mombasa na unataka kuagiza kutoka Tanga, lifikirie hilo kabla ya kutuma pesa.

Nimeuziwa mtiki halisi, mbona umeoza ndani ya misimu michache?

Kwa sababu ya weupe. Kila gogo la mtiki lina kiini cheusicheusi au cha kahawia katikati, na ganda jeupe kuzunguka kiini hicho. Ulinzi wote uko kwenye kiini. Weupe wa mtiki hauna tofauti kubwa na mbao yoyote laini: bungua wanautoboa, kuvu wanauingia, mchwa wanaufurahia. Mitiki michanga inayokatwa kupunguza msongamano shambani ina weupe mwingi, na ndiyo inayouzwa kwa bei ya kuvutia. Muuzaji hajakudanganya jina la mti. Ila umenunua sehemu isiyofaa.

Kwa hiyo angalia mbao kabla haijapigwa randa, na uiangalie pande zote nne. Weupe wa upana wa kidole kwenye ukingo mmoja unaweza kuukata. Mbao ambayo nusu yake ni nyeupe iache.

Vipi kuhusu mnazi, mwembe na mfenesi? Vipo tele huku kwetu.

Mnazi uliozeeka una mbao ngumu sana upande wa nje wa shina, wakati katikati yake ni laini kama sifongo. Chukua ya pembeni tu, itumie kwa viti na meza chini ya paa, na miguu isiguse udongo. Mfenesi umetumika Zanzibar miaka na miaka kwa samani na milango, na chini ya paa haukuangushi. Mwembe usiupeleke nje: bungua huuingia haraka.

Muuzaji anasema mbao ni kavu. Nitajuaje?

Mbao nyingi zinazoitwa kavu zimekauka ngozi tu. Ibebe: mbao mbichi ni nzito kupita inavyoonekana. Igonge kwa kifundo cha kidole: kavu inalia, mbichi inajibu kwa sauti iliyozibwa. Hayo ni makadirio. Kipimo ninachokiamini ni mizani ya dukani. Kata kipande cha sentimita 30, si cha nchani kabisa kwa kuwa ncha hukauka mapema, kipime leo na uandike uzito juu yake kwa penseli. Kipime tena kila wiki. Siku uzito utakapoacha kushuka, mbao imelingana na hewa ya mahali hapo.

Ukiwa na subira, nunua mapema ukaushe mwenyewe. Panga mbao chini ya paa juu ya matofali, weka vijiti vya unene mmoja kati ya mbao na mbao kila baada ya nusu mita, vijiti vyote vikae kwenye mstari mmoja kutoka juu hadi chini, kisha paka rangi kwenye ncha zisije zikapasuka. Upepo upite. Usianike juani, kwani jua hukausha upande mmoja na mbao inajikunja kama ukoko.

Kwa hewa ya pwani mbao huishia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi. Mbao iliyokaushwa kwenye tanuri bara mpaka asilimia 10 itavimba kidogo ikifika Dar es Salaam. Mbao hupanuka kwa upana, si kwa urefu. Ukilishika hilo umeelewa nusu ya kazi hii.

Nipe mfano wa benchi rahisi na hesabu ya mbao.

Benchi la watu wawili, urefu sentimita 120, kimo 45, kina cha kukalia 40. Linatoka kwenye mbao mbili za inchi 1 kwa 4 na moja ya inchi 2 kwa 4, zote za futi 12.

Kila mbao ya 1 kwa 4 inatoa vipande vitatu vya sentimita 120. Vinne viwe vya kukalia. Baada ya randa kila kimoja kitabaki na upana wa sentimita 9.5 na unene wa 2. Ukiacha nafasi ya milimita 6 kati yao unapata kina cha karibu 40. Viwili vilivyobaki vikate 110, vitakuwa mbao za pembeni, mbele na nyuma, zikisimama kwa ubavu na kuunganisha miguu. Mbao ya 2 kwa 4 inatoa miguu minne ya sentimita 43, vibebeo vitatu vya 36 vinavyolala chini ya kikalio (kimoja kila mwisho na kimoja katikati), na viungo viwili vya 36 vya kushikamanisha miguu upande wa chini. Kibebeo cha katikati usikiache. Mbao ya sentimita 2 isiyo na kitu chini yake kwa karibu mita nzima itabonyea mtu mzima akikaa.

Kwa meza ya kulia chakula kimo ni sentimita 72 hadi 76, na kila anayekaa mpe upana wa sentimita 60. Meza ndogo ya kahawa ilingane na kimo cha kikalio au iwe chini kidogo. Benchi likiwa na egemeo, egemeo hilo lilaze nyuma kidogo tu, na kikalio nacho kiinamie nyuma sentimita 2 hivi, mgongo utashukuru. Lakini kikiinama hivyo, nafasi kati ya mbao zisizibwe na kitu, maana maji yatakimbilia nyuma.

Kwa nini kuacha nafasi? Meza iliyobanwa inaonekana nadhifu zaidi.

Ndani ya nyumba, ndiyo. Nje, meza iliyogundishwa ikawa kama ubao mmoja itavimba masika na kusinyaa kiangazi, na kwa kuwa umeifunga kwa skrubu pande zote itajipasua yenyewe. Na hata isipopasuka, maji yatalala juu yake. Samani ya nje hutengenezwa kwa ajili ya maji: yanapoangukia, yanapopita, yanapotokea. Kila mahali pawili panapogusana kwa bapa, maji hubaki siku nzima baada ya mvua kukatika, na hapo ndipo uozo unapoanza. Nimevunja mabenchi mengi ya zamani ili niyarekebishe na karibu yote yalikuwa mazima juu, yameoza kwenye maungio.

Kwa hiyo nafasi ya milimita 5 hadi 8. Kingo za juu zipigwe randa kidogo ziwe mviringo, rangi ishike na maji yateremke. Vibebeo vya chini vikate juu yake mteremko mdogo kama huvifunikii kitu.

Misumari au skrubu? Na gundi je?

Skrubu. Msumari hutoka taratibu kila mbao inapovimba na kusinyaa.

Aina ya skrubu ndiyo yenye maneno. Zile nyeusi za jipsamu usizitumie kabisa: ni za ndani, zinakatika kichwa na zinashika kutu kabla msimu haujaisha. Zile za manjano zinazouzwa kila duka ni nafuu chini ya paa, lakini karibu na bahari zitakuachia machozi ya kutu. Tafuta za chuma kisichoshika kutu. Ni ghali, na ndiyo gharama ambayo mimi sikubali kuipunguza. Mtiki na mvule vikigusana na chuma cha kawaida kwenye unyevu hutoa madoa meusi ambayo msasa hauyamalizi.

Toboa kwanza. Kwa skrubu ya milimita 4, tundu la milimita 3 kwenye mbao ngumu, 2.5 kwenye paini. Usipotoboa, mbao ngumu itapasuka nchani au skrubu itakatikia ndani. Urefu wa skrubu uwe mara mbili na nusu hadi tatu ya unene wa mbao ya juu.

Gundi nyeupe ya kawaida huyeyuka ikilowa. Kama unaweka gundi, soma kopo: daraja la D4 ndilo la nje. Epoksi nayo inafaa. Kiungo kilichochongwa ulimi ukaingia kwenye tundu lake na kupigiwa kigingi cha mbao ngumu kitaishi kuliko gundi yoyote, na wapo mafundi wanaokichonga kwa patasi tu huku wakizungumza nawe.

Miguu inaoza kwanza. Nifanyeje? Na mchwa?

Ncha ya mbao hunywa maji kama mrija. Mguu ukisimama kwenye sakafu yenye maji, unayavuta. Kabla hujalisimamisha benchi, lipindue, chovya ncha za miguu kwenye epoksi au zipake rangi mara tatu mpaka zishibe, kisha pigilia kipande cha plastiki ngumu chenye unene wa nusu sentimita, kidogo kuliko mguu, ili mbao isiguse sakafu.

Mchwa wetu wengi hutoka ardhini na hujenga njia ya udongo ili wasiguswe na mwanga. Hawapendi kuonekana. Mguu ukiwa juu ya zege au jiwe palipo wazi, utaiona njia hiyo na kuifuta kwa fagio. Mguu ukizikwa udongoni hutaona kitu mpaka siku benchi litakapokaa upande. Desturi ya kuweka miguu kwenye makopo yenye maji huwazuia, ni kweli, lakini makopo hayo huzaa mbu. Nisingependa kuyaona kwenye kibaraza ambacho watoto hukaa jioni.

Fundi ameniambia nipake oili chafu ya gari. Ni sawa?

Kwa nguzo ya uzio watu wengi wameitumia. Kwa benchi la kukalia au sanduku la mchicha, hapana. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba metali nzito na masizi yenye sumu. Itashika nguo, ngozi na udongo wako.

Paini yenye rangi ya kijanikijani imetiwa dawa. Naweza kupandia mboga?

Rangi hiyo mara nyingi ni ya dawa ya shaba, kromu na arseniki, ile ya nguzo za umeme. Inazuia mchwa vizuri sana. Lakini arseniki huchuruzika kidogo kidogo udongoni, na Marekani watengenezaji waliiondoa kwenye matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Itumie kwa nguzo za kivuli. Usiipandie chakula, na vipande vyake usivitie jikoni kuwashia moto kwa hali yoyote, maana moshi na majivu yake ni sumu.

Paleti za bandarini? Tafuta muhuri. HT maana yake imepashwa moto mpaka kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo inafaa. MB imefukizwa kwa gesi ya sumu, iache. Isiyo na muhuri, au yenye doa la kitu kilichomwagika, iache pia.

Sanduku la kupandia liwe na ukubwa gani?

Fuata mizizi. Mchicha, rehani na vitunguu majani wanatosheka na kina cha sentimita 20. Nyanya, bilinganya na mchaichai wape 35 hadi 40. Asumini ya kupanda ukutani ipewe sanduku lake peke yake, kubwa kadiri unavyoweza, ukae chini yake jioni.

Sanduku ninalolitengeneza mara nyingi ni la urefu wa mita 1, upana sentimita 40, kimo 40. Nguzo nne za 2 kwa 2 zinakaa pembeni kwa ndani na mbao zinafungwa kwa skrubu kutoka nje kuingia kwenye nguzo. Udongo uliolowa unasukuma, kwa hiyo sanduku refu kuliko mita moja lifunge kamba ya waya au kijiti katikati, ubavu hadi ubavu, kwa ndani, la sivyo litafutuka tumbo.

Chini weka mbao zenye nafasi ya milimita 10, au toboa matundu ya milimita 12 kila sentimita 15. Linyanyue kutoka sakafuni sentimita 3 ili upepo upite chini yake. Kuta za ndani zivike nailoni nyeusi nzito, uibane juu, lakini chini usiifunge: nailoni iliyofungwa chini inageuza sanduku kuwa beseni.

Niweke kokoto chini ili maji yatoke?

Karibu kila mtu anafanya hivyo, nami nilifanya miaka mingi. Kokoto hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Husubiri juu yake mpaka udongo ushibe kabisa. Kwa hiyo eneo la chepechepe linapanda karibu na mizizi, na umepoteza kina cha udongo bure. Tandika kipande cha neti juu ya matundu kuzuia udongo usitoke, kisha jaza udongo hadi chini.

Mchanganyiko wangu: udongo mweusi sehemu mbili, samadi iliyooza vizuri sehemu moja, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa sehemu moja. Makumbi yaroweke siku mbili tatu kwa maji ya mvua au ya bomba na uyamwage, hasa yakitoka ufukweni, ili chumvi iondoke. Pumba za mpunga zinafaa kama makumbi hayapo. Udongo utashuka baada ya miezi. Ongeza samadi juu, usilichimbue lote.

Naishi ghorofani. Naweza kuweka sanduku kwenye roshani?

Piga hesabu kabla. Sanduku la mita 1 kwa 40 likijazwa udongo sentimita 35 lina lita 140, na likilowa linaweza kukaribia au kuzidi kilo 200. Mawili ni kama kundi la watu wazima wamesimama hapo mchana na usiku bila kuondoka. Muulize mhandisi au mwenye jengo. Ukikosa jibu, tengeneza masanduku madogo ya kina cha sentimita 20, yakae karibu na ukuta wa nyumba na si kwenye ukingo wa nje.

Nipake nini?

Paini: rangi ya mafuta, ukianza na rangi ya msingi, pande zote sita pamoja na ncha, kabla ya kuunganisha. Maungio yaliyokwisha kufungwa brashi haiyafikii tena.

Mtiki na mvule: mara nyingi sipaki kitu. Jua litaugeuza kijivu ndani ya miezi michache, rangi ya jahazi la zamani, na kijivu hicho hakidhuru mbao. Ukitaka rangi yake ya asili ibaki, paka mafuta ya mtiki na urudie mara mbili kwa mwaka. Mafuta ya kitani matupu, yale ya linsidi, kwenye unyevu wa pwani hulisha kuvu na benchi linakuwa na madoa meusi. Vanishi inang'aa siku ya kwanza, kisha maji yanaingia chini yake kupitia mpasuko mdogo, inafutuka, na kuibandua yote ni kazi ya siku mbili za msasa. Chini ya paa iweke ukipenda.

Jambo la hatari: matambara yenye mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto yenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke, au yatose kwenye ndoo ya maji.

Sina zana. Nianze na zipi?

Msumeno wa mkono, futikamba, kipimo cha pembe mraba, drili, bisibisi, randa ndogo, msasa namba 80 na 120. Patasi moja ya inchi moja iliyonolewa sawasawa inashinda nne butu. Mbao waombe mashineni wakupasulie na kukupigia randa. Kwa mbao ngumu usijitese.

Nikimpa fundi kazi hii, nimwambie nini?

Mpe mchoro wenye vipimo, hata kama umechora kwa kalamu kwenye daftari la mtoto. Taja jina la mbao, sema hutaki weupe, na uombe kuziona kabla hajazipaka chochote, kwa sababu rangi na unga wa mbao uliochanganywa na gundi huficha mengi. Skrubu zinunue wewe umpelekee. Nafasi kati ya mbao zisemee wazi, maana fundi wa Keko, mtaa wa mafundi samani Dar es Salaam, aliyezoea makabati na vitanda atazibana kwa kukupenda, akidhani anakutengenezea kitu nadhifu. Mbao za asili ziwe na hati yake ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu. Muuzaji halali hachukii kuulizwa.

Kazi hii ifanywe msimu gani, na matunzo ni yapi?

Jenga na kupaka kiangazi, Januari na Februari, mbao ikiwa kavu kabisa na kabla ya masika kuingia Machi. Kipupwe cha Juni hadi Agosti nacho ni kizuri. Ukipaka rangi siku ya unyevu mwingi itajikunja.

Baada ya hapo, mara mbili kwa mwaka, masika yakiisha na vuli ikiisha: lipindue benchi, chomachoma maungio na ncha za miguu kwa kisu. Kisu kikigoma, uko salama. Kikizama, kata palipolainika mpaka ufike kwenye mbao ngumu, acha pakauke wiki mbili, ndipo uzibe au ubadilishe kipande. Kaza skrubu zilizolegea. Fagia majani yaliyojibana kati ya mbao, hasa ya mwembe na mkungu, yanashika unyevu kama godoro. Sanduku lisogeze kidogo uone chini yake kama upepo bado unapita.